Amina ya Mtu wa Nyumbani

Jumapili, 2 Machi

Daftari jipya. Hili ni la mambo yangu tu. Hakuna atakayelisoma, kwa hiyo sina sababu ya kuandika vizuri. (Nitaandika vizuri. Nimezoea.)

Darasa la kipaimara tumepewa kazi. Mwinjilisti wetu ni yule dada mwembamba anayetembea kama amechelewa hata akiwa amewahi. Amesema kuanzia kesho kila mmoja ataongoza sala ya jioni nyumbani kwao, mezani, mpaka siku yenyewe. Si kusoma kitabuni. Maneno yetu, kwa sauti.

"Mkishindwa kuomba mkiwa na kandambili mbele ya watu mnaowajua," alisema, "mtawezaje mkiwa na kanzu nyeupe mbele ya kanisa zima?"

Maana siku ya kipaimara ndivyo inavyokuwa kwetu. Unasimama mbele, unasema sala fupi uliyoitunga mwenyewe. Ukimaliza, kanisa linanyamaza. Kisha mtu mmoja wa nyumbani kwenu anasimama alipoketi na kuitikia Amina — peke yake. Kama vile anasema: huyu namjua, na anachokisema ndicho. Unamtaja mapema. Aliyetajwa asiposimama, mzee wa kanisa ndiye anayeitikia badala yake.

Mama angesimama hata leo. Lakini ninayemtaka ni baba.

Baba hutusindikiza kila Jumapili mpaka kwenye geti la kanisa. Anakaa kwenye benchi la mlinzi, wanazungumza mpira, tunatoka, tunarudi naye. Haingii. Tangu mama yake alipofariki — nilikuwa darasa la nne — hajavuka lile geti. Nikimuuliza mama kwa nini, ananiambia nimuulize mwenyewe. Nikimuuliza mwenyewe, ananiambia nimalize chakula.


Jumatatu, 3 Machi

Sala ya kwanza!

Nilijiandaa tangu mapumziko ya mchana. Niliwaombea viongozi, wajane, yatima, wagonjwa walioko hospitalini na walioko majumbani, wanafunzi, wasafiri wa nchi kavu, wa majini na wa angani. Mdogo wangu — tunamwita Bosi, ana miaka mitano na anatuamuru wote — alisema Amina nilipofika kwa wasafiri wa majini. Nikaendelea. Akasema tena nilipofika angani, kwa ukali.

Nilipomaliza, mama aliitikia, Bosi akaitikia mara ya tatu. Baba alisubiri kidogo.

"Taarifa ya habari imeisha?" akauliza. "Michezo leo hakuna?"

Mama alipaliwa na maji mpaka machozi yakamtoka. Hata mimi nilicheka. Lakini baba hakusema Amina. Alisema, "Haya, tule."


Jumatano, 5 Machi

Jana na leo nimefupisha. Nimeanza na "Ee Mwenyezi, mwingi wa rehema." Bosi akanong'ona: "Mwenyezi ndiye yule yule wa jana au huyu ni mwingine?"

Baba: "Tule."

Nitaandika jambo ambalo siwezi kumwambia mwinjilisti. Ninapoomba sisikii chochote. Jirani yangu darasani — Redio, hatujawahi kumsikia amezimika — anasema akiomba anasikia joto kutoka shingoni mpaka miguuni. Nilimuuliza: kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto? Akanuna. Nilimuuliza kwa nia njema kabisa. Nataka kujua. Mimi nikifumba macho nasikia friji, na mtoto wa jirani analia, na sauti yangu mwenyewe ikisema maneno mazuri.


Ijumaa, 7 Machi

Nimeharibu.

Darasani tulifundishwa kuwaombea watu wa nyumbani mwetu. Nikarudi nimejaa. Mezani nikafumba macho nikasema: "Bwana, mguse yule aliye kati yetu ambaye moyo wake umekuwa mgumu kama chuma. Mlainishe. Umrudishe nyumbani mwako." Nilisema polepole, kwa sauti ya mahubiri. Nilijiona nasema vizuri!

Nilipofumbua macho, kijiko cha baba kilikuwa kimelala mezani.

"Huyo Mungu wako ananijua jina?"

"Ndiyo, baba."

"Basi ungenitaja. Tungeelewana sote."

Akachukua sahani yake akaenda kula karakanani, nyuma ya nyumba. Tukabaki watatu. Bosi akasema Amina, kwa sababu hakuna aliyekuwa amesema.

Mama hakunigombeza mara moja. Alimaliza kula kwanza, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Kisha: "Hivi umemsema baba yako kwa Mungu, na mwenyewe amekaa hapo hapo anasikiliza?"

"Nilikuwa naomba, mama."

"Hukuwa unaomba. Ulikuwa unaongea naye, ukamtumia Mungu kama ukuta wa kujificha. Ungekuwa mkubwa ningesema umemsengenya."

Nimelia. Si kwa sababu amenikemea. Kwa sababu ni kweli — na kwa sababu nilipokuwa nasema yale maneno, kwa mara ya kwanza nilisikia joto. Joto kabisa, mpaka mikononi. Basi sasa hata joto siliamini.


Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda karakanani kuomba radhi. Baba alikuwa anachomelea grili ya dirisha. Nilisimama mpaka cheche zikaisha.

"Baba, nisamehe kwa ile sala."

Akainua kinyago cha kuchomelea. "Ipi, ile yangu?"

"Ndiyo."

"Nipe hiyo nyundo hapo."

Nikampa. Akaanza kugonga. Nikaondoka. Nadhani amenisamehe. Kwa baba huwezi kujua mpaka akutanie.


Jumapili, 9 Machi

Amenitania. Njiani kwenda kanisani: "Mwambie Mungu chuma kimekusindikiza, kipo getini." Nikafurahi kuliko nilivyopaswa.

Pengine ndiyo sababu nikafanya haraka. Mwinjilisti alituuliza mmoja mmoja nani atatuitikia Amina. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Baba."

Redio akageuka mwili mzima. "Baba yako? Yule wa kwenye benchi?"

Mwinjilisti akamwangalia mpaka akageuka tena mbele. Kisha akaniuliza kwa upole kama nimeshazungumza na baba. Nikasema nitazungumza. Akasema sawa. Akaongeza kwamba asiposimama nisiogope, maana mzee wetu wa kanisa atakuwepo, na sauti yake tunaijua. Darasa zima likacheka. Mzee huyo tunamwita Mzee Spika. Akitoa matangazo, mtaa wa pili wanajua ratiba ya kwaya. Ni mzee mwema. Hutugawia pipi za kikohozi kana kwamba ni peremende.

Jioni nilimwambia mama. Alikuwa anakunja nguo. Aliacha kukunja.

"Kwa nini usinitaje mimi?"

"Ungependa nikutaje?"

"Ningependa. Lakini si ukinitaja mimi huku macho yako yako getini." Akakunja shati la baba, akalikunjua, akalikunja tena. "Mwambie mapema. Asije kulisikia kwa watu."

Nitamwambia kesho.


Jumatano, 12 Machi

Sijamwambia.

Sala zangu sasa ni fupi na kavu. Naogopa maneno. Nikisema neno zuri nahisi nimesimama mbele ya kioo.

Leo wakati wa mapumziko nilibaki darasani peke yangu. Vumbi la chaki lilikuwa linaelea kwenye mwanga. Nikakaa tu. Sikuomba. Nilikumbuka nilipokuwa mdogo, baba na mama na bibi walikuwa wakikaa sebuleni baada ya sisi kulazwa, nami nilikuwa nikisikia wanacheka, na mwanga unapita chini ya mlango. Sikutaka kuitwa. Nilitaka tu kujua wanacheka nini.

Hivyo ndivyo ninavyomtamani Mungu. Sijui kama hiyo ni imani. Hatujafundishwa hivyo.


Jumamosi, 15 Machi

Mama alinituma nimpelekee baba chai. Nikamkuta amekaa juu ya ndoo, kinyago kiko magotini. Nikasema leo ni leo. Lakini badala ya kumwambia habari ya kumtaja, nikauliza lile swali la siku zote. Nilitegemea aniambie nimalize kitu fulani.

Akanywa chai kwanza.

"Bibi yako alikuwa na presha. Unakumbuka?"

Nakumbuka vidonge. Alikuwa akivipanga kwenye sosa asubuhi, akivisalimia.

Alinieleza polepole, kama mtu anayevuta msumari. Bibi alizidiwa kidogo, wazee wa kanisa wakaja nyumbani kumwombea. Chumba kilijaa. Mzee Spika ndiye aliyeongoza. Akaweka mkono kichwani kwa bibi akasema: mama, umepona. Na watu wote wakaitikia.

"Na mimi niliitikia," baba akasema. "Tena niliwashinda wote. Nilikuwa nyuma ya mlango, lakini niliwashinda."

Jumapili iliyofuata bibi alisimama kanisani kushukuru. Alicheza. Baadaye, alipokwisha kuzikwa, ndipo baba alipovikuta vile vidonge chini ya godoro. Vyote. Hakuna mtu aliyemwambia aviache. Aliambiwa amepona, sasa vidonge vya nini?

Nilitaka kusema kitu tulichofundishwa, kipo, nakijua kwa moyo. Nikakiacha.

"Amina ni sahihi, mwanangu," akasema. "Mimi niliweka sahihi yangu pale. Sasa siweki sahihi kwenye kitu nisichokijua. Hata chako."

Akanirudishia kikombe. Chai ilikuwa nusu.

Nami nimekwisha kumtaja kanisani. Nimechukua sahihi yake bila kumwuliza.


Jumapili, 16 Machi

Mzee Spika alinisalimia mlangoni, akanipa pipi. Sikuweza kumtazama. Nimeiweka pipi kwenye mfuko wa koti, sijui niifanyeje.

Baada ya darasa nilibaki. Nilimuuliza mwinjilisti: mtu akiomba kwa moyo wote, na watu wakaitikia, na isiwe?

Alikuwa anafuta ubao. Aliufuta hata mahali palipokwisha kufutika. Nilidhani atanipa mstari wa Biblia. Hakunipa.

"Mimi pia ninalo la kwangu," akasema. "Bado naomba. Siku nyingine naomba kwa hasira."

"Inaruhusiwa?"

"Sijawahi kukatazwa."

Alinibebea nusu ya mzigo kwa maneno hayo mawili. Sijui kama yeye mwenyewe alijua.


Jumatatu, 17 Machi

Leo sikujiandaa. Nilifumba macho nikangoja mpaka nikapata kitu ambacho si uongo.

Nikasema: "Mungu, bibi alikuwa anakupenda. Leo nimemkumbuka. Baba amechoka. Mimi sijui kama unanisikia. Natamani unisikie."

Halafu nikawa sina kingine.

Hata Bosi alisahau kuitikia. Akauliza, "Imeisha?" Mama akasema Amina kwa sauti ndogo sana.

Baba hakusema Amina. Lakini hakusema "tule" pia. Alichukua sahani yangu, si yake, akanipakulia. Kisha akaendelea kushika upawa kama amesahau unatumika kufanya nini.


Alhamisi, 20 Machi

Ngoja niandike kama ilivyokuwa.

Baba amefunga karakana mapema. Mwenzake wa karakanani, yule mcheshi mwenye jino moja la dhahabu, alichomelea jana bila kinyago, kwa kusema ni kipande kidogo tu. Leo ameamka haoni. Wamempeleka hospitali, amefungwa bandeji macho yote mawili. Madaktari wamesema tusubiri.

Tulipokaa mezani, kabla sijafumba macho, baba akasema, huku anaangalia chumvi:

"Mtaje yule."

Mama akaacha kila kitu.

"Nimwombee apone?" nikauliza.

"Usimwambie Mungu cha kufanya. Wala usiniambie mimi kitakachokuwa. Mtaje tu."

Nikamtaja. Nikasema ana watoto, na kwamba huimba vibaya akifanya kazi, na kwamba sasa hivi yuko gizani na pengine anaogopa. Nikanyamaza hapo.

Wakati nimenyamaza nilisikia friji, na mtoto wa jirani, na baba anavuta pumzi. Sikusikia joto lolote. Lakini nilijua tuko sote mezani — hata sijui niandikeje. Sote. Na mmoja zaidi. Kama mtu anapoingia chumbani taratibu nawe humgeukii kwa kuwa unamjua.

Ilikuwa fupi. Nilipoitafuta ikawa haipo. Naitamani mpaka sasa. Nimekaa kitandani naisikiliza kama mtu anayesikiliza kama mvua imeanza.


Jumapili, 23 Machi

Mwenzake baba anaona mwanga kidogo kwa jicho la kushoto. Baba alituambia njiani, kwa sauti ya kawaida, kama habari ya bei ya vyuma.

Baada ya ibada Mzee Spika aliniita pembeni. Aliongea kwa sauti ya chini. Sikujua anayo.

"Mwinjilisti amenieleza umemtaja baba yako. Na kwamba asiposimama ni mimi nitakayeitikia."

"Ndiyo, mzee."

"Basi nataka ujue jambo. Mimi ndiye niliyemwombea bibi yako." Akashika kofia yake kwa mikono miwili. "Nilitamani sana apone. Alikuwa mwimbaji mwenzangu tangu ujana. Nilitamani mpaka nikadhani nimeambiwa. Nikatamka."

Niliitazama ile kofia.

"Kila Jumapili napita pale getini. Namwambia baba yako habari za asubuhi, ananijibu nzuri. Basi. Miaka yote hiyo nzuri, nzuri." Alitabasamu vibaya. "Nikilazimika kukuitikia wewe mbele yake, mwanangu, sijui kama sauti itatoka."

Nimelifikiria neno lake siku nzima. Alitamani mpaka akadhani ameambiwa. Mimi pia sina kitu kingine ila kutamani. Natamani kusikia. Natamani baba asimame. Nikiacha kutamani nitabaki na nini? Lakini nimeona: naweza kumpelekea Mungu tamaa yangu ikiwa tamaa. Nisiipake rangi na kuiita sauti yake.


Jumatano, 26 Machi

Imetoka! Si kwa kinywa changu.

Bosi, mdomo umejaa maharage: "Baba, utavaa suti? Maana wewe ndiye unamwitikia dada. Usipoitikia ataitikiwa na Spika."

Mama akafumba macho kama aliyeanza sala mwenyewe.

Baba aliweka kijiko chini. Taratibu, si kama ile siku.

"Ulinitaja?"

"Ndiyo, baba."

"Uliniuliza?"

"Sikukuuliza."

"Kwa nini?"

"Niliogopa utasema hapana."

"Na sasa?"

"Bado naogopa."

Akatazama mlango wa kwenda karakanani. Nikajua atachukua sahani aondoke. Hakuondoka. Akamgeukia Bosi: "Na wewe nani alikwambia nina suti?"

"Iko kabatini kwenye nailoni."

"Hiyo ni ya mazishi."

"Ni nyeusi tu," akasema Bosi. "Haijui."

Mama akacheka, akainuka haraka kwenda jikoni kufanya ambacho hakikuwepo. Baba akamaliza chakula chake chote. Alipokuwa ananawa akasema, mgongo kwangu:

"Ungeniuliza ningesema hapana."

"Najua, baba."

"Sasa hujauliza, kwa hiyo sijasema."


Jumamosi, 29 Machi

Hakuna jipya. Mwenzake ameondolewa bandeji jicho moja. Baba amekwenda kumwona, amerudi anaimba vibaya ule wimbo wa rafiki yake.

Nimewaomba radhi wawili leo: baba, kwa kumtaja bila kumwuliza (akasema "nipe hiyo tindo"), na Redio, kwa yale maji ya moto. Redio akanyamaza kidogo — tukio! — akasema kwamba joto lenyewe alilisikia mara moja tu, mwaka juzi, na tangu hapo anasema tu kwa sababu anaogopa halitarudi.

Tumekaa kwenye ngazi za shule tukila mkate. Kumbe tuko wengi nje ya ule mlango.


Jumatano, 2 Aprili

Nimeandika sala ya siku yenyewe mara nyingi na kuifuta. Kila nikiandika sentensi nzuri naiona inajitazama.

Usiku nilimuuliza Mungu moja kwa moja anisaidie maneno. Nikalala kabla hajajibu. Pengine ndilo jibu, pengine nilikuwa nimechoka.


Jumamosi, 5 Aprili

Kesho.

Kanzu imepigwa pasi, imetundikwa mlangoni. Bosi amepigwa marufuku kuigusa, kwa hiyo amekaa chini yake anailinda.

Jioni baba aliniita karakanani. Palikuwa pamefagiliwa.

"Nisomee hicho utakachosema."

Nikasoma. Hivi: "Mungu, nimekuja kwako nikiwa natamani kukujua. Asante kwa watu wa nyumbani kwangu, walio hai na bibi. Nifundishe kusema kweli mbele zako. Asante kwa kuwa unanisikia siku zote."

Akasikiliza ameinamisha kichwa, kama anaposikiliza kipande cha chuma alichokigonga.

"Hilo la mwisho. Anakusikia siku zote?"

"Tumefundishwa hivyo."

"Sijauliza mlichofundishwa."

Nikafikiri. Ningeweza kusema ndiyo. Angeniachia.

"Natumaini ananisikia," nikasema. "Mara moja nilikuwa kama najua. Mezani, siku ulipomtaja mwenzako. Siku nyingine natumaini tu."

"Basi andika hivyo."

Nikaweka karatasi juu ya meza yake ya kazi, nikafuta. Nikaandika: *Natumaini unanisikia.* Alisoma begani kwangu. Harufu ya moshi wa chuma.

"Mm," akasema.

Nikangoja. Nilitaka kumwuliza: hii je, unaweza kuiwekea sahihi? Neno lilikuwa kwenye ulimi kabisa. Nikaona nikiuliza nitakuwa nimemsukuma, na nisipouliza nitalala na njaa hii. Nikachagua njaa.

"Lala salama, baba."

"Zima taa ya uani ukipita."


Jumapili, 6 Aprili

Naandika nyuma ya kanisa, chumba cha watoto, kwenye kiti kidogo kinachonifika magotini. Tumevaa. Redio hajasema neno tangu tufike. Mwinjilisti amemgusa paji la uso kuona kama anaumwa. Bado hatujaitwa.

Baba ametusindikiza. Amevaa shati lake la kila Jumapili. Suti ilibaki kwenye nailoni, niliiona. Tulipofika getini alinirekebisha kola, akamwambia mama apite, viti visijae kabla hajapata, akakaa kwenye benchi. Kama siku zote. Sikugeuka nyuma. Nilitaka, sikugeuka.

Mama amekaa katikati na Bosi. Pembeni yake ameacha nafasi, ameweka mkoba.

Dirisha la chumba hiki linatazama getini. Nimejiambia nisichungulie.

Nimechungulia. Mzee Spika anatoka kanisani. Kengele ya kwanza imeshalia, angepaswa kuwa kiti cha mbele. Anatembea kuelekea getini, taratibu, kofia mkononi. Mlinzi amemwona, ameinuka, amekwenda kusimama mbali kidogo, anajifanya anaangalia barabara.

Baba amesimama.

Mzee anaongea. Mtu ambaye mtaa mzima unamsikia, na hapa simsikii hata kidogo! Baba ameweka mikono nyuma. Anatazama viatu vyake. Sasa anatazama mlango wa kanisa. Sasa anamtazama mzee.

Baba anasema kitu. Kirefu. Ametoa mikono mbele, anaonyesha kwa viganja upana wa kitu — godoro? mlango? Mzee ameitikia kwa kichwa, ameitikia tena, kofia imeanguka. Hakuna anayeiokota.

Bwana, unawaona? Wako kwenye jua kali wote wawili, na mzee hana nguvu za kusimama sana. Baba hajui aweke wapi mikono, wewe unamjua. Nilikuwa nataka aingie. Bado nataka, sitakuficha. Lakini sasa hivi nataka tu mtu asiwaite. Wape muda. Wasikatizwe.

Mwinjilisti anasema tupange mstari. Mimi ni wa mwisho kwa urefu. Redio amenishika mkono, wake ni baridi kama chuma.

Baba ameinama kuokota kofia. Anaipangusa kwenye shati lake, hajamrudishia bado, anaongea huku ameishika — kengele ya pili — mlango umefunguliwa, siwaoni tena.

Naenda. Wewe baki nao kidogo. Utaniambia baadaye walichosema.